Boriti Iliyochoka Hufungwa Nguo na Saruji

Ndugu askari, bila shaka umepata kumwona mwenzako aliyevunjika mguu akirudi kambini kutoka hospitali, mguu wake umefungwa bendeji nyeupe, ngumu kama jiwe. Bendeji hiyo ni kazi ya mwanajeshi. Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alitangaza njia yake ya kusugua unga wa jasi katika nguo ya pamba, kuilowesha maji, kisha kuizungusha katika kiungo kilichovunjika. Baada ya dakika chache nguo ile ilishika na kuwa ngumu, na majeruhi akaweza kuchukuliwa kwa gari bila ya mifupa yake kuachana njiani. Jasi peke yake ni kitu dhaifu. Ukiidondosha yavunjika vipande. Nguo peke yake ni kitu laini; haiwezi kusimama. Lakini vitu hivyo viwili vikishikana, jasi huipa nguo ugumu, nayo nguo huizuia jasi isimeguke.

Karibu miaka 150 baadaye wahandisi wa Ulaya walianza kutibu majengo na madaraja ya zege kwa njia iliyo ndugu na hiyo. Mahali pa jasi walitia saruji, na mahali pa pamba walitia nyavu zilizofumwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo. Boriti iliyochoka ikafungwa nguo hiyo, ikapata nguvu mpya, na mzigo ulioielemea jana ikaweza kuubeba leo.

Utauliza: mambo ya saruji na mchanga yamhusu nini mtu wa bunduki, au mtu wa pingu na filimbi? Yamhusu sana, tena kwa sababu tatu. Kwanza, magari ya jeshi ni mazito, na kila daraja lina mwisho wa uwezo wake. Pili, askari hulala, hula na huhifadhi silaha katika majengo ambayo mengi yake yana umri mkubwa. Tatu, jengo lipasukapo anayeitwa kufunga njia ni polisi, na liangukapo anayeitwa kufukua kifusi ni mwanajeshi. Mtu anayeitwa katika saa kama hiyo yafaa ajue anachokitazama.

UFA ULIOONEKANA JANA

Tarehe 23 Aprili 2013, katika mji wa Savar ulio karibu na Dhaka, Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake mlikuwamo maduka, benki na viwanda vya kushona nguo. Watu walitolewa nje siku ile ile. Mhandisi aliyeitwa kulitazama alisema kwamba jengo si salama. Polisi wa viwanda waliwataka wenye viwanda wasimamishe kazi mpaka ukaguzi ukamilike. Benki ikawazuia watumishi wake wasije, na maduka yakafungwa.

Lakini asubuhi ya tarehe 24 washonaji walitakiwa kurudi penye cherehani zao, na wengine walitishwa kwamba wasipoingia watanyimwa mishahara. Umeme ukakatika, jenereta nzito zilizokuwa zimewekwa katika ghorofa za juu zikawashwa, na jengo likatetemeka. Kabla kidogo ya saa tatu asubuhi likaporomoka lote. Watu 1,134 walipoteza maisha yao. Wanajeshi, polisi, watu wa zimamoto na raia wa kawaida walifukua kifusi kwa karibu majuma matatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali, na kwamba jengo lilikusudiwa liwe la maduka na ofisi, wala si la mashine zenye kutikisika mchana kutwa.

Katika msiba huo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jengo lilisema. Nyufa zile zilikuwa ni lugha, na polisi waliotaka kazi isimame waliisikia. Waliokuwa na uwezo wa kufungua milango ndio hawakutaka kusikia. La pili ni kwamba hakuna nguo, wala gundi, wala chuma ambacho kingaliweza kuliokoa jengo lile kwa usiku mmoja. Kulitia jengo nguvu ni kazi ya kabla ya saa ya hatari. Ufa mkubwa ukikwisha kuonekana hapana tiba nyingine ya haraka ila kuwatoa watu, kuondoa mzigo na kuweka mihimili ya muda.

KWA NINI BORITI HUPASUKA

Zege ni jiwe lililotengenezwa na binadamu. Kama mawe mengine, hustahimili mno kugandamizwa, lakini hustahimili kidogo sana kuvutwa. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya uwezo wake wa kugandamizwa. Sasa boriti ikilazwa juu ya nguzo mbili na kubebeshwa mzigo, hupinda, japo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Shika muhogo mbichi kwa mikono miwili uupinde: utaona kwamba unaanza kupasuka katika ule upande wa nje unaonyooshwa, wala si katika upande wa ndani unaobanwa. Hivyo ndivyo ilivyo boriti.

Ndiyo sababu nondo za chuma hulazwa karibu na uso wa chini wa boriti. Chuma hupokea kuvutwa, zege hupokea kugandamizwa, na kila kimoja hufanya kazi kinayoiweza. Jambo hili Wazungu walianza kulitumia katika karne ya 19: Joseph-Louis Lambot wa Ufaransa alitengeneza mashua ya waya na saruji mwaka 1848, na Joseph Monier, mtunza bustani wa nchi hiyo hiyo, akapata hati ya haki mwaka 1867 kwa mapipa yake ya maua yaliyokuwa na chuma ndani ya saruji. Wajenzi wa nyumba za udongo wa kwetu hawakungoja hati hizo. Walijua tangu zamani kwamba udongo bila fito ni chungu la udongo tu, na kwamba fito zilizofungwa vizuri kwa kamba ndizo zinazoushika ukuta.

Boriti iliyojengwa vema yaweza kuishi miaka mingi. Hata hivyo huchoka kwa sababu nne zilizo kubwa. Ya kwanza ni mzigo kuzidi ule uliokusudiwa: chumba cha kulala hugeuzwa ghala, lori la tani 7 hurithiwa na lori la tani 30. Ya pili ni kutu. Hewa ya ukaa hupenya polepole ndani ya zege na kuiondoa ile hali inayokilinda chuma. Karibu na bahari, chumvi hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka likabanduka. Ya tatu ni makosa ya ujenzi: nondo pungufu, mchanga wenye udongo, maji ya kupita kiasi katika mchanganyiko. Ya nne ni ajali, kama vile moto, tetemeko la ardhi, au gari refu kuligonga daraja kutoka chini.

BAMBA LA CHUMA, KISHA KABONI

Dawa ya kale ya boriti dhaifu ilikuwa kuizungushia nondo mpya na kuimwagia zege jipya. Dawa hiyo hufaa, na mpaka leo yatumika. Walakini huiongezea boriti unene wa sentimita kadhaa kila upande, na zege lenyewe ni zito, hata sehemu ya nguvu mpya huishia katika kujibeba. Ni kama askari aliyeongezewa chakula cha safari ambacho nusu yake hukimaliza kwa ajili ya kukibeba.

Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Ufaransa na wa Afrika Kusini walianza kubandika mabamba ya chuma chini ya boriti kwa gundi kali iitwayo epoksi. Unene ukapungua, lakini bamba ni zito kuinua, lahitaji kushikiliwa mpaka gundi ishike, na chuma ni chuma: kutu haikumsahau.

Ndipo Waswisi wakaja na kaboni. Mwaka 1991, karibu na mji wa Lucerne, mafundi waliokuwa wakitoboa daraja la Ibach ili kufunga taa za barabarani walizikata kwa bahati mbaya baadhi ya nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya daraja. Urs Meier na wenzake wa maabara ya taifa ya vifaa walilitibu kwa kubandika vipande vyembamba vya kaboni kwa gundi. Kaboni iliyotumika ilikuwa na uzito wa kilo 6.2 tu, kama wangalitumia chuma wangalihitaji kilo 175. Kazi ambayo ingalihitaji majukwaa makubwa ilifanywa na watu waliosimama katika gari la kuinulia. Tangu siku hiyo njia ya kaboni na gundi ikaenea duniani.

Lakini gundi ina udhaifu wake, na askari yeyote aliyewahi kuona gari likiungua ataufahamu. Epoksi nyingi za ujenzi huanza kulainika joto likifika kiasi cha digrii 60 mpaka 80. Moto ukizuka ndani ya jengo, gundi huachia mapema, na kaboni yote iliyobandikwa huwa haina mshiko. Tena epoksi nyingi hazishiki vema juu ya zege lenye maji, huudhi ngozi na mapafu ya fundi, na huuziba uso wa ukuta hata unyevu ulio ndani ukakosa njia ya kutoka.

NGUO YA DRESDEN

Swali likawa hili: je, yawezekana kupata wepesi wa kaboni bila ya udhaifu wa gundi? Jibu lilitafutwa kwa bidii katika Ujerumani. Tangu 1999 hadi 2011 vyuo vikuu viwili, cha Dresden na cha Aachen, viliendesha utafiti mkubwa juu ya saruji iliyotiwa nguo. Dresden, chini ya Manfred Curbach, ilishughulikia hasa kuyatia nguvu majengo yaliyokwisha kujengwa; Aachen, chini ya Josef Hegger, ilishughulikia hasa vitu vipya vya kujengwa kwa nguo hiyo. Katika Ugiriki, Thanasis Triantafillou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Patras walifanya majaribio ya namna hiyo, wakiwa na tetemeko la ardhi katika mawazo yao. Mwaka 2013 taasisi ya zege ya Marekani ikatoa mwongozo wake juu ya kazi hiyo.

Haikuwa ajabu kwamba jambo hilo lilistawi katika Dresden. Mji huo umo katika Sachsen, nchi ya viwanda vya nguo tangu zamani. Huko ndiko Heinrich Mauersberger alikobuni mwaka 1949 mashine ya Malimo, ambayo badala ya kufuma nyuzi kwa kuzipitisha juu na chini, huzilaza zikiwa zimenyooka kisha huzishona pamoja. Mashine za jamaa hiyo zilifaa kabisa kutengeneza nguo ya kuimarishia zege, kwa maana uzi ulionyooka huanza kuvuta mara moja, ilhali uzi uliopinda hunyooka kwanza ndipo uvute.

Nguo yenyewe si kama ya kushonea sare. Ni wavu wenye matundu ya kiasi cha sentimita moja au mbili, ili saruji ipite katikati na kushikana upande wa pili. Kila uzi wake ni fungu la maelfu ya nyuzi ndogo, kila mmoja ukiwa mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa kichwa. Kaboni ina uzito kama robo ya ule wa chuma cha ujazo ule ule, wala haishiki kutu, na nguvu ya nyuzi zake katika kuvutwa ni mara kadhaa kuliko nguvu ya nondo. Nyuzi za kioo ni rahisi kwa bei, lakini kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji. Kwa hiyo hutumika kioo cha namna maalumu kilichotiwa zirkoni.

Faida iliyo kubwa ni wembamba. Nondo ya chuma lazima ifunikwe kwa zege la sentimita mbili, tatu au zaidi ili isipate kutu. Nguo isiyojua kutu yatosha kufunikwa kwa milimita chache. Hivyo tabaka zima, pamoja na nguo mbili au tatu ndani yake, huwa na unene wa milimita 10 mpaka 20 tu. Aidha, nyuzi nyingi zilizotawanyika huufanya mpasuko mmoja mkubwa ugawanyike kuwa nyufa nyingi ndogo sana, ambazo maji hayapiti kwa urahisi.

Jaribio la kweli lilikuja mwaka 2006 katika mji wa Schweinfurt. Ukumbi wa chuo cha ufundi huko una paa la zege lililopindwa kama tandiko la farasi, lenye unene wa sentimita 8 tu. Sehemu zilizotokeza nje zilikuwa zimelegea, na nondo zake zilikuwa zikibeba kupita kiasi. Kulimwagia paa hilo zege la kawaida kungalikuwa kumtwika mgonjwa mzigo wa pili. Mafundi walilivika tabaka la nguo ya kaboni na saruji lenye unene wa milimita 15 hivi. Paa likapona bila ya kubadili umbo lake.

KAZI INAVYOFANYWA

Yafaa askari ajue hatua za kazi hii, si ili aifanye mwenyewe, bali ili asidanganywe na mtu anayepaka plasta juu ya ufa na kudai malipo ya matengenezo.

Kwanza hutafutwa sababu ya ufa. Mhandisi hupima, hutoboa vipande vya zege vya kujaribiwa, na huhesabu mzigo. Kazi inayoanza kwa mwiko kabla ya hesabu ni kazi ya ubabaishaji.

Pili, boriti hupunguziwa mzigo. Vitu vilivyo juu yake huondolewa na mihimili ya muda husimamishwa chini yake. Ukiifunga boriti hali imeelemewa, nguo itakaa bila kazi mpaka boriti iongezewe mzigo mwingine, wala haitauondoa ule uchovu uliokwisha kuwapo.

Tatu, zege bovu huchongwa na kutupwa. Ukigonga kwa nyundo, zege zima hulia kama kengele, na zege lililobanduka hulia kama ngoma. Kama nondo zina kutu, hufunuliwa pande zote, husafishwa mpaka chuma king'ae, na zilizoliwa sana huongezewa nyingine. Shimo hujazwa na kuachwa likauke.

Nne, uso wa boriti hukwaruzwa kwa kupulizwa mchanga au kwa kuchongwa, mpaka kokoto zionekane. Uso laini haushikiki. Pembe kali huviringwa ili zisiikate nguo itakapozungushwa. Kisha vumbi lote hutolewa.

Tano, zege huloweshwa maji, kwa kuwa zege kavu hunyonya maji ya saruji mpya na kuiacha ikiwa unga. Lakini maji yasisimame juu ya uso. Hapa ndipo saruji inapoishinda gundi: unyevu ulio adui wa epoksi kwake ni rafiki.

Sita, tabaka la kwanza la saruji laini, yenye mchanga wa chembe ndogo sana, hupakwa kwa unene wa milimita 3 mpaka 5. Nguo huwekwa juu yake ingali mbichi, hunyoshwa, na hukandamizwa kwa mwiko mpaka saruji itokeze katika matundu. Kisha hufuata tabaka la pili la saruji, na nguo ya pili ikihitajika, mpaka mwisho.

Saba, kazi hufunikwa na kuwekwa katika hali ya unyevu kwa siku kadhaa. Katika jua letu hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayoharibu zaidi. Saruji inayokauka upesi hupasuka kabla haijapata nguvu.

Nguo ikiwekwa chini ya boriti husaidia boriti isivunjike katikati kwa kupinda. Ikizungushwa pande tatu kama herufi U karibu na nguzo husaidia boriti isikatike kwa mshazari. Hizo ni kazi mbili tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

MIPAKA YAKE

Msomaji asidhani kwamba tumepata dawa ya kila maradhi. Nguo ina mipaka, na mhandisi mwaminifu huitaja kabla ya kutaja bei.

Saruji hushika vema nyuzi za nje za kila fungu, lakini zile za katikati hazifikii, hata zaweza kuteleza ndani ya zenzao. Kwa hiyo nguo bora hunyweshwa dawa ya kuzishikanisha. Tabaka laweza kubanduka mwishoni kama halikufungwa vizuri. Kaboni nayo, tofauti na chuma, hainyumbuki ikatoa onyo; ifikapo mwisho wake hukatika ghafla. Kwa sababu hizo mwongozo wa Marekani hauruhusu uwezo wa boriti wa kustahimili kupinda uongezwe kwa zaidi ya nusu ya ule iliyokuwa nao. Boriti isiyo na nguvu yake yenyewe haiwezi kufanywa shujaa kwa mavazi.

Tena nguo haitibu msingi unaozama wala nguzo iliyo nyembamba. Ukiitia boriti nguvu ili ibebe zaidi, mzigo huo huteremka katika nguzo, na kutoka katika nguzo huteremka katika ardhi. Yote hayo hayana budi kupimwa.

Na lililo zito kuliko yote, nguo huonekana nje, hali ugonjwa waweza kuwa ndani. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 11 Septemba 2024, katika mji ule ule wa Dresden, sehemu moja ya daraja la Carola ilianguka katika mto Elbe. Tramu ilikuwa imepita dakika chache tu kabla. Kwa bahati njema hakuna mtu aliyeumia. Wachunguzi waligundua kwamba nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege zilianza kupata nyufa ndogo kutokana na unyevu tangu siku za ujenzi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1971, na kwamba uchovu wa miaka mingi ulizimaliza. Mji wenye mabingwa wa zege wakubwa kuliko miji mingi ulipoteza daraja kwa ugonjwa usioonekana kwa nje. Hiyo si sababu ya kukata tamaa. Ni sababu ya kupima bila kuchoka.

WAJIBU WA ASKARI

Askari si mhandisi, lakini askari ni jicho. Yeye hupita mahali pamoja kila siku, hata usiku ambao mhandisi amelala. Basi na ajifunze kusoma nyufa.

Nyufa nyembamba sana zilizosimama wima chini ya boriti, katikati yake, huweza kuwa za kawaida. Zikipanuka, hizo ni habari. Ufa wa mshazari ulio karibu na nguzo ni wa hatari zaidi, kwa maana boriti inayokatika hapo haitoi muda wa kukimbia. Ufa unaofuata urefu wa boriti, wenye madoa ya rangi ya kahawia, ni kutu inayosema kutoka ndani. Mlango uliokuwa ukifungika jana na leo haufungiki, sauti za kupasuka usiku, vumbi jipya sakafuni chini ya boriti: hizo zote ni za kuripotiwa mara moja.

Kama ufa ni mdogo, weka alama ya kalamu penye ncha zake na uandike tarehe. Ukivuka alama, ufa unatembea. Andika katika daftari la zamu kama unavyoandika tukio jingine lolote, ili afisa anayekuja apate historia wala si uvumi.

Dereva wa jeshi naye ana sehemu yake. Katika Ujerumani ya Magharibi, wakati wa vita baridi, madaraja mengi yalibandikwa vibao vya duara vya rangi ya manjano vyenye namba za kuonyesha gari la kijeshi la daraja gani laweza kupita. Mahali pasipo na kibao, kanuni ni ile ile: jua uzito wa gari lako, na uliza uwezo wa daraja. Penye shaka, magari yavuke moja moja, kwa mwendo wa polepole na wa namna moja, katikati ya barabara, bila kusimama wala kufunga breki ghafla juu ya daraja. Msafara uliobanana juu ya daraja bovu ni kosa la amri, si bahati mbaya.

Na polisi aliyesimama mbele ya jengo lililopasuka ana kazi iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni kusema hapana kwa watu wenye haraka. Mwenye duka atamwambia bidhaa zake zaharibika. Mwenye kiwanda atamwambia meli yangoja. Mpangaji ataomba dakika mbili tu achukue godoro. Mlinzi wa mlango huo na akumbuke asubuhi ile ya Savar. Mpaka mhandisi atie sahihi, mlango umefungwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoupaka ufa chokaa. Chokaa huuficha ufa machoni pa mkaguzi, nao ufa waendelea kula gizani. Kuziba kwa kweli ni kujua sababu, kuondoa mzigo, kuchonga kilichooza, na ndipo kufunga boriti nguo yake na saruji yake kwa mkono wa fundi anayejua. Kwa gharama ya milimita 15 boriti yaweza kurudi kazini. Lakini fundi hawezi kutibu asichoambiwa, na mara nyingi mtu wa kwanza awezaye kumwambia ni askari wa zamu aliyeinua taa yake, akautazama ufa, na akaandika.